Kabla Hujanunua Saruji, Pitia Lamu Kwanza

Huenda nawe, msomaji, u mmoja wa wale wanaojinyima ili siku moja waingie katika nyumba yao wenyewe. Ploti umekwisha kupata, iwe ni Kitengela, Mtwapa au kule kwenu mashambani, na kila mwisho wa mwezi unatia kibindoni kidogo ulichojaliwa. Wala ushauri hujaukosa. Shemeji amekueleza, jirani amekueleza, hata kondakta wa matatu amekueleza, na wote wamesema neno moja: nunua saruji, lete mchanga na kokoto, ezeka mabati, mambo kwisha.

Mimi sina ugomvi na shemeji yako. Ninalokuomba ni kwamba kabla hujalipia lori la kwanza, ufunge safari uende Lamu. Si kwa ajili ya samaki wa kupaka na matembezi ya jahazi, ingawa hayo nayo hayakatazwi. Nenda ukatazame kuta na dari. Maana siku hizi kila mtu anahubiri habari za kujenga bila kuharibu mazingira, na wengi wa wahubiri hao hawajapata kuishi katika nyumba iliyojengwa hivyo. Waamu wameishi humo kwa karne nyingi, na wanajua utamu wake na uchungu wake pia.

Safari yenyewe itakupa somo la kwanza hata kabla hujafika. Basi litakutoa Mombasa, lipite Malindi, Garsen na Witu, likushushe Mokowe, mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Hapo Mokowe ndipo nchi kavu inapokwisha. Usikimbilie mashua. Simama kidogo pale gatini uangalie mizigo inavyopakiwa. Utaona mifuko ya saruji, vyuma vya kujengea na mabati. Mfuko wa kilo 50 umetoka kiwandani kwa lori, wachukuzi wameushusha, wameutia chomboni, na ng'ambo ya pili wachukuzi wengine wataupandisha juu ya punda, maana vichochoro vya Lamu havina nafasi ya gari. Kila mkono ulioushika umelipwa, na kila kilomita imekula mafuta. Gharama hiyo yote utailipa wewe mwenye kujenga. Kule bara hatuioni kwa sababu lori hutumwagia mzigo mlangoni, lakini ipo vilevile.

Ukishavuka na kupanda gati ya mji, wapite wale vijana watakaotaka kukuongoza, uingie mtaa wa Mkomani. Huu ndio upande wa majumba ya mawe. Mji huu uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2001, kwa kuwa ndio mji wa Waswahili wa kale zaidi uliohifadhika vyema Afrika Mashariki. Tafuta nyumba ambayo wenyewe wanaruhusu wageni. Lamu House Museum, ile nyumba ya kale inayotunzwa na Makavazi ya Taifa, itakufaa sana. Piga hodi, salimia kwa adabu, vua viatu ukiambiwa, kisha ingia.

Kitu cha kwanza kitakachokupokea ni ubaridi. Nje jua la saa nane linachoma utosi, nawe mle ndani unahisi kana kwamba umeingia chini ya mwembe. Hakuna pangaboi linalozunguka wala mashine ya kutia baridi. Kuta zile unene wake wakaribia nusu mita, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na joto la mchana huchukua saa nyingi kabla halijapenya. Kabla halijafika ndani, usiku umekwisha ingia na upepo umekwisha kuja kulichukua. Kichochoro nacho ni chembamba, nyumba hii huitilia kivuli nyumba ile. Linganisha na nyumba ya matofali ya saruji ya inchi sita iliyoezekwa mabati bila dari, kama hizi tunazozijenga kutoka Likoni hadi Lodwar, ambazo saa tisa alasiri watoto hukimbia nje. Mwenye nyumba kama hiyo hununua pangaboi, kisha hulipa bili ya umeme kila mwezi maisha yake yote. Hesabu hiyo nayo ni sehemu ya bei ya nyumba, ila hakuna fundi atakayekuandikia katika makadirio.

Sasa inua macho utazame dari. Yale magogo yaliyopangwa kwa karibu, mara nyingine yamepakwa rangi nyekundu au nyeusi, ndiyo maboriti. Ni miti ya mikoko. Juu yake hupangwa vipande vya mawe, kisha humwagwa chokaa na kokoto na kushindiliwa mpaka iwe sakafu ya ghorofa ya pili. Pima chumba kwa hatua zako. Kirefu kina urefu wowote apendao mwenye nyumba, lakini upana wake hauzidi sana mita mbili na nusu, au ukizidi ni hadi mita tatu. Kwa nini? Kwa sababu boriti nzuri haina urefu zaidi ya huo. Mwashi wa Lamu hakuanza na ramani ndipo atafute mti wa kuitosheleza. Alianza na mti, akaufuata.

Nadhani hili ndilo jambo kubwa utakaloliona katika safari nzima. Sisi leo hukata picha ya nyumba katika gazeti, tukampa fundi, tukamwambia, "Nijengee kama hii." Baadaye ndipo tunaanza kuhangaika kutafuta vifaa vya kuisimamisha picha ile, vingine kutoka China, vingine kutoka Uturuki.

Usidhani desturi hiyo ilikuwa ya Lamu peke yake. Kwa karne nyingi majahazi yalipakia boriti hapa na kwenda nazo Uarabuni na nchi za Ghuba ambako miti ya kujengea ni adimu. Kule boriti zetu huziita chandali, na nyumba nyingi za kale za Dubai na miji jirani zilipewa upana wa vyumba na mikoko ya pwani hii. Boriti huuzwa kwa korija, yaani miti 20, na kila unene una jina lake. Fito ndiyo nyembamba kuliko zote, yafuata pau, kisha boriti yenyewe ambayo unene wake ni kama sentimita 12, halafu nguzo, na kupita hapo ni magogo makubwa. Mkoko wenye jina hilo hasa ndio unaopendwa kwa boriti kwa kuwa umenyooka na mchwa hauupendi. Muia na mkandaa nao hukatwa sana. Mchu hupindapinda, lakini wachongaji wa vyombo huutafuta kwa sababu hiyohiyo ya kupinda.

MIKOKO YENYEWE

Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu, nami sitaki nikupambie. Ukitoka Lamu na fikira kwamba kifaa cha kale ndicho kizuri na cha kisasa ndicho kibaya, utakuwa umedanganyika.

Kenya ina mikoko ya hekta 61,000 hivi, na karibu sehemu sita kwa kumi ya hiyo imo katika Lamu. Miti hii ndiyo nyumba ya vitoto vya samaki, kaa na kamba. Huzuia mawimbi yasiume pwani. Tena hufukia hewa ya kaboni katika tope lake, na ekari moja ya mikoko huhifadhi kaboni mara kadhaa kuliko ekari ya msitu wa nchi kavu. Serikali ya kikoloni iliitangaza kuwa msitu wa hifadhi mwaka wa 1932. Biashara ya kuipeleka ng'ambo iliendelea hata hivyo, hadi Serikali ya Kenya ilipoipiga marufuku mwaka wa 1982. Mwezi wa Februari 2018 ukataji wa miti katika misitu ya umma ulisimamishwa nchi nzima, mikoko ikiwamo, na wakataji wa Lamu ambao hawajui kazi nyingine walilia njaa, mpaka amri ile ikaja kulegezwa.

Sasa wewe unayejenga ufanyeje? Boriti moja iliyokaa darini miaka 200 haina lawama yoyote. Imelipa deni lake. Lakini boriti mbichi 300 zilizokatwa usiku bila kibali, ili ziwe kiunzi cha muda cha kushikilia zege kwa wiki tatu kisha zitupwe jikoni ziwe kuni, hizo ni uharibifu mtupu. Na hivyo ndivyo mikoko mingi ilivyotumika pwani hii katika ujenzi wa kisasa. Mti ni uleule, tofauti ni muda utakaoutumia. Hilo huwezi kuliona katika orodha za "vifaa rafiki kwa mazingira" zinazochapishwa, maana orodha husema mbao ni nzuri na chuma ni kibaya, halafu hukomea hapo.

Ukihitaji boriti, uliza kibali cha Shirika la Huduma za Misitu, wala usione haya kukisoma. Afadhali zaidi, tafuta boriti kuukuu. Nyumba ya kale ikianguka au ikibomolewa, boriti zake huuzwa, milango yake huuzwa, hata mawe yake huokotwa. Nyingi huwa bado ngumu kiasi cha kukataa msumari. Kwa kiunzi tumia mivinje ya kupandwa. Wakulima wa Kilifi na Kwale huipanda kama mahindi, na huvunwa baada ya miaka michache tu. Kule Gazi, upande wa kusini, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza kuuza hewa ya kaboni mwaka wa 2013 waligundua mapema kwamba huwezi kumkataza mtu kukata mkoko usipompa mti mwingine wa kujengea. Wakapanda mivinje.

TANURI LA CHOKAA

Mawe ya kuta je? Mengi ya mawe ya Lamu hutoka kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mlango wa bahari. Mwambie nahodha akupitishe Maweni, utawaona wachimbaji, wengi wao watu waliotoka magharibi ya nchi, wakikata jiwe kwa mikono katika jua lisilo na huruma. Jiwe hili ni matumbawe ya zamani za kale, yaliyokufa na kugeuka mwamba maelfu ya miaka kabla ya mtu kujenga hapa. Halihitaji kuchomwa. Hukatwa, likavushwa, likajengewa, basi. Kwa hesabu ya moshi ni vigumu kupata kifaa kinachoweza kushindana nalo, mradi ujenge karibu na machimbo. Ukilisafirisha hadi Eldoret, faida yote imekwenda na mafuta ya lori.

Lakini shimo hubaki, na shimo ni deni pia. Kule Mombasa machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi yaliacha jangwa la mwamba mtupu lisiloota hata magugu. Mwaka wa 1971 Rene Haller alianza kupanda miti humo. Katika aina 26 alizojaribu, ni tatu tu zilizostahimili, na mmoja wa hiyo ulikuwa mvinje. Akaleta jongoo wa kulainisha majani makavu yawe udongo, na leo pana msitu wenye viboko na twiga. Lilikuwa jambo la ajabu, lakini lilichukua miaka mingi na fedha nyingi. Mchimbaji mdogo wa Manda hana fedha hizo. Unaponunua jiwe, muulize mwenye machimbo shimo lile atalifanyia nini. Akikucheka, angalau umemuuliza.

Usichanganye jiwe la Manda na matumbawe hai ya baharini. Zamani waashi walizamia wakakata matumbawe mabichi, kwa kuwa yakiwa na maji ni laini, huchongeka kama sabuni, na yakikauka huwa magumu na mepesi. Zile zidaka nzuri unazoziona ukutani, vijumba vidogo vidogo vya kuwekea vyombo vya kaure, na mapambo ya mihirabu ya misikiti, mengi yalichongwa hivyo. Kazi yenyewe haina mfano. Hata hivyo isirudiwe. Joto la bahari la mwaka wa 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya bahari yetu, na yaliyobaki yana kazi ya kulisha samaki.

Chokaa nayo ina mambo yake. Waamu walipanga magogo kwa duara, wakajaza vipande vya matumbawe juu yake, wakatia moto mpaka mawe yakaiva. Yakiisha kuiva hutiwa maji, au huachwa yanyeshewe, yakafumuka kuwa unga mweupe. Unga huo huchanganywa na mchanga na udongo mwekundu, ukawa udongo wa kujengea, na chokaa safi ikawa ya kupakia ukutani. Jiwe linapochomwa hutoa hewa ya kaboni. Chokaa ikishapakwa ukutani huanza kuivuta tena hewa ile polepole, mwaka hata mwaka, na kwa kuivuta ndivyo inavyogeuka jiwe upya. Tanuri la chokaa huhitaji joto la kama nyuzi 900, ilhali saruji huhitaji kama nyuzi 1,450. Saruji ya dunia nzima hutoa karibu asilimia 8 ya hewa ya kaboni inayotokana na shughuli za binadamu. Ukisikia hayo utataka kukimbilia chokaa mara moja.

Ngoja kidogo. Yale magogo ya kuchomea yalitoka wapi? Mengi yalikuwa mikoko. Tanuri moja humeza miti ambayo ingetosha kuezeka nyumba kadhaa. Kwa hiyo chokaa ya kienyeji yaweza kuwa kifaa safi kabisa ama kifaa kichafu kabisa, kutegemea kuni. Ukimpata mchomaji anayetumia vigogo vya minazi iliyozeeka au mivinje ya kupandwa, mshike asikuponyoke. Ukikosa, chokaa ya kiwandani ya mfukoni inafaa.

Kuna jambo jingine kuhusu chokaa ambalo wenye nyumba za kale wamelijua kwa hasara. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu kutoka ardhini na kutoka hewani, kisha huutoa nje kupitia plasta ya chokaa, kama mtu atokwavyo na jasho. Mwenye nyumba akiona plasta inapukutika, humwita fundi, na fundi huipiga saruji ili "iwe imara." Saruji haipitishi unyevu vizuri. Maji na chumvi hunaswa nyuma yake, ukuta ukaoza kimyakimya, na baada ya miaka michache plasta ile hudondoka kwa vipande vikubwa ikiwa imeng'oa na uso wa mawe. Tembea Mkomani ukiangalia chini ya madirisha. Utatambua mwenyewe kuta zilizotibiwa kwa dawa isiyo yake.

Zege lenye vyuma nalo lina adui hapa. Chumvi ya bahari, na hasa mchanga wa ufuoni usiooshwa, huingia hadi kwenye chuma. Chuma kikipata kutu hufura, kikifura hulipasua zege, na dari huanza kuangusha vipande juu ya vitanda vya watu. Utaona roshani za majengo yasiyo na umri mkubwa zikionyesha mbavu zao za kutu, na hatua kumi tu kutoka hapo nyumba ya boriti na chokaa imesimama tangu enzi za mababu. Tena mchanga wenyewe ni fedheha nyingine. Vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyohifadhi maji matamu yanayonywewa Lamu. Mvua huzama humo, ikakaa juu ya maji ya chumvi, na visima huyapata. Anayeubeba mchanga ule kwenda kuchanganya zege ni kama anayeuza mtungi wa nyumbani kwake.

UKIRUDI KWENU

Najua utaniuliza: mimi najenga Kakamega, au Machakos, mambo ya matumbawe na boriti yananihusu nini? Yanakuhusu kwa maswali yake. Kifaa hiki kimetoka umbali gani? Nini kilikatwa, na nini kilichomwa? Kitadumu kwa miaka mingapi katika hewa ya hapa kwetu? Kikiharibika, fundi wa hapa anaweza kukitengeneza, au nitaagiza kingine?

Jaribu maswali hayo kwa matofali ya kuchoma, ambayo magharibi na Kisii tunayaona kuwa ya kienyeji na kwa hiyo hayana kosa. Udongo ni wa shambani, kweli. Lakini tanuri lile limekula miti mingapi ya mtaa? Sasa yajaribu kwa matofali ya udongo yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono, yale yenye meno yanayoshikana. Huchanganywa udongo wa murram na saruji kidogo tu, kati ya asilimia 5 na 10 kulingana na udongo, yakashindiliwa, yakafunikwa na kunyunyiziwa maji kwa siku kadhaa yakomae. Hayaingii motoni kabisa. Na kwa kuwa yanashikana kwa meno, hayahitaji udongo mwingi wa kuunganishia. Watu wengi huyadharau kwa kuyaita nyumba ya udongo. Waache. Ila usitumie udongo wowote utakaoukuta. Tia gao mbili katika chupa ya kioo, jaza maji, tikisa, uache utulie hadi kesho. Mchanga utakaa chini, mfinyanzi juu. Ukiona mfinyanzi ni mwingi kuliko mchanga, matofali yako yatapasuka.

Wa Nairobi na viunga vyake wana jiwe la kuchimbwa, kama lile la Ndarugu, ambalo nalo halichomwi. Wa pwani wana mbao za mnazi. Mnazi uliozeeka na kuacha kuzaa hukatwa vivyo hivyo, na mbao za ngozi yake, hasa sehemu ya chini ya shina, ni ngumu. Za katikati ni sponji, usikubali kuuziwa.

Na makuti? Yanapendeza, yana ubaridi, na hutoka katika mti ule ule unaokupa nazi. Lakini kila baada ya miaka kadhaa utaezeka upya, cheche moja ya moto inatosha kuangamiza mtaa, na maji yanayotiririka juu yake hayafai kunywa. Katika nchi yenye kiangazi kama yetu, paa la mabati linalojaza tangi la maji ya mvua lina thawabu yake. Waamu wa kale walilijua hilo. Mapaa yao bapa ya chokaa yalikinga mvua, na maji yakahifadhiwa katika majabia. Ukiezeka mabati, tia dari na uache nafasi ya upepo kupita juu yake, joto litapungua sana.

Saruji nayo usiifanye haramu. Msingi kwenye ardhi yenye maji, tangi, choo, mahali pa kuoga, huko saruji ina kazi ambayo kingine hakiiwezi kwa urahisi. Kosa ni kuimwaga kila mahali kwa sababu ndiyo tu fundi anayoijua. Na hapo ndipo penye shida kubwa kuliko bei. Mafundi wanaojua kuchanganya chokaa, kupanga boriti na kuchonga zidaka wanazeeka. Kijana anayejifunza uashi leo hujifunza saruji, kwa kuwa ndiyo inayompa mkate. Kila anayejenga kwa chokaa, hata ukuta mmoja wa kibanda, humpa mzee mmoja sababu ya kumwita kijana aje ashike mwiko.

Ukiwa bado una siku moja, ikodi mashua ikupeleke Takwa, upande wa pili wa Manda. Chombo hupita katika mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko pande zote mbili, kimya kabisa, isipokuwa kaa wanaotafuna na ndege. Takwa ulikuwa mji wa Waislamu uliohamwa zaidi ya miaka 300 iliyopita. Wenyewe, kwa masimulizi, walikwenda Shela. Msikiti wao bado una nguzo juu ya ukuta wa kibla, na nje ya boma lipo kaburi la mnara lenye maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria, yaani miaka ya 1680. Gusa ukuta wa msikiti kwa kiganja. Chokaa ile haijapakwa upya na mtu aliyeishi hapo, wala hapajakuwa na paa la kuikinga na mvua, na bado kuna mahali ambapo ni laini kama ganda la yai.

Usikae mno. Maji yakianza kutoka, mkono ule wa bahari hubaki tope, na nahodha hatakungojea.